Anayetaja Mvua Aende Akae Nayo

Huku kwetu Baraka, kando ya ziwa, mtu akikuambia mchana kwamba radi itapiga kijijini kwenu kabla jua halijazama, na kweli ikapiga, humwambii asante. Unamwuliza ulimkosea nini.

Ndivyo alivyoulizwa Prof, mbele ya macho yangu, ndani ya ile studio yetu ya redio yenye chumba kimoja na dirisha lililozibwa kwa godoro kuukuu. Nilikuwa nimeshika karatasi za matangazo na nikabaki mdomo wazi. Mimi si mtu wa kushangaa upesi. Nimekulia katika eneo hili la Fizi, nimeona ya kuona. Lakini mtu yule mmoja amenishangaza kuliko mambo mengine yote niliyopitia, na hadi leo sijapoa.

Alikuwa mwalimu wa jiografia. Walimu wa sekondari wote tunawaita Prof, ndiyo desturi, lakini ukisema "Prof" sokoni Baraka bila kuongeza neno, hakuna atakayekuuliza yupi. Alinifundisha nikiwa msichana mwembamba mwenye kelele nyingi. Miaka ikapita, tukakutana tena redioni: mimi nasoma matangazo ya vifo, yeye anasoma hali ya hewa. Kwa hiyo nilimjua kwa pande zote mbili, upande wa fimbo na upande wa chai.

Shati lake lilipigwa pasi ya makaa kila asubuhi na kufungwa vifungo hadi kooni, hata siku ambazo joto la ziwa linawafanya watu wazima wavue viatu. Alitembea polepole. Alikula polepole. Alikuwa shemasi kanisani, lakini usingemsikia akisema "Mungu akipenda" kuhusu mvua. Ukimwambia hivyo, alikujibu, "Mungu anapenda, shida ni weye uko na nguo inje." Na mwenye nguo nje alikuwa yeye mwenyewe. Mkewe, mama mnene mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa akitueleza kwa uchungu: "Anajuaka mvula ya Minembwe, anajuaka mvula ya Lubondja, lakini mvula ya kamba yangu ya nguo, ile hakuna siku alijua." Tulicheka hadi tukalia, na yeye alitazama pembeni akajifanya kutafuta miwani.

Alikuwa mkali bila sababu katika mambo madogo. Ukiandika "kaskazini" bila kuonyesha mshale kwenye ramani, alikunyima alama zote. Katika mambo makubwa alikuwa mpole, na hilo liliniudhi, kwa sababu mimi nilitaka mtu mmoja angalau katika mji huu apige kelele kuhusu mambo makubwa.

Kazi yake ya mvua ilikuwa hivi. Kila mchana, baada ya vipindi, alipanda mpaka karibu na antena ambako mtandao hushikika, akafungua picha za mawingu kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Kisha alipiga simu. Alikuwa na rafiki mfugaji wa ng'ombe kule Minembwe, milimani, ambaye alimweleza mvua ya mawe imeanguka wapi na upepo umegeukia wapi. Wawili hao hawakuwahi kuonana. Watu wengine wa huku walimsema chinichini kwa ajili ya urafiki huo na mtu wa kabila jingine, lakini yeye alijibu kwamba mawingu hayamuulizi mtu kabila. Kisha alitazama ng'ambo ya ziwa, juu ya rasi ya Ubwari, akashuka kuja redioni.

Alichokuwa akitafuta alikiita mpaka. Alitufundisha darasani, chaki mkononi, akichora mstari uliopinda kama upinde: huku hewa baridi, huku hewa ya moto.

"Hizi mbili hazisikilizanake," alisema. "Ile ya baridi inapita chini, inasukuma ile ya moto juu. Pale ku mupaka, pale njo radi iko, pale njo upepo ya kuvunja mitumbwi iko. Mukiona mawingu imejipanga laini moja, musiulize maulizo. Mutoke ku maji."

"Prof, na kama kuko barrière?" aliuliza mchekeshaji mmoja wa darasa, kwa sababu barabara zetu zina vizuizi kila kona.

"Hii mupaka hailipake barrière," akajibu. "Inapitaka tu."

Darasa lilivunjika kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akarudia neno la mwisho: inapita tu.

Sasa nieleze kosa, na kosa hili lingetokea kwetu tu. Mkurugenzi wa redio alimpa Prof nafasi ya bure, na nafasi ya bure ilikuwa moja: mara baada ya matangazo ya vifo. Wimbo wa kwaya ulikuwa uleule. Maikrofoni ileile. Mimi nilisoma kwamba familia ya marehemu fulani inawajulisha ndugu na jamaa walioko Lubondja, Mboko na Kazimia. Kisha wimbo, kisha sauti nzito ya Prof: "Leo mchana, Lubondja, Mboko." Kwa miezi tulifanya hivyo na hakuna kati yetu aliyesikia tulichokuwa tunafanya. Wasikilizaji walisikia. Huko vijijini, mtu anayepika huku redio iko kwenye kigoda hasikii sentensi nzima, anasikia majina. Na jina la kijiji chake lilikuwa limekaa mwishoni mwa orodha ya wafu.

Siku moja Prof alitaja Lubondja. Jioni ileile radi ilimpiga mwanamke shambani, akiwa na kisu cha kukatia mihogo mkononi. Alikufa palepale.

Kesho yake mume wake alikuja na kaka zake. Hawakuja na fujo. Ingekuwa afadhali waje na fujo. Waliketi kwenye benchi letu, kofia mapajani, na yule mume akauliza kwa sauti ya mtu aliyemaliza machozi yote:

"Prof, siye tulikukoseaka nini?"

"Ndugu yangu, hamukunikosea kitu."

"Weye ulisema mu redio. Saa saba ulisema kwetu, saa kumi bibi yangu akakufa. Ku vijiji yote ya Fizi, ulichagula kwetu. Nani alikuambiaka?"

Prof alimwonyesha simu. Alimweleza hewa baridi na hewa ya moto. Mtu yule alitazama ile picha ya mawingu kwa heshima, kisha akasema, "Njo hii unatumia?" Kwetu watu wengi wanaamini kwamba radi inaweza kutumwa na mtu kwa mtu, na hapo nilielewa kwamba kila maelezo ya Prof yalikuwa yanafunga kamba shingoni mwake. Kadiri alivyojua vizuri, ndivyo alivyokuwa na hatia.

Mambo yalifika kwa wazee. Walikaa, wakazungumza asubuhi nzima, na walichoamua kilikuwa na akili, ndiyo maana kilikuwa kibaya. Walisema: hatuwezi kujua kama huyu anatuma au anaona. Lakini mtu hatumi radi mahali alipokaa mwenyewe. Kwa hiyo anayetaja mvua aende akae nayo. Siku akitaja kijiji, apande pikipiki afike pale kabla ya mawingu, akae waziwazi, watu wamwone, mpaka ipite.

Nilisubiri akatae. Niliomba akatae! Mtu msomi, mwenye familia, abebwe kila kukicha kwenda kukaa chini ya radi kama mateka wa maneno yake mwenyewe? Yeye alisimama, akafunga kifungo kilichokuwa kimelegea, akasema, "Ni sawa. Watanisikia vizuri zaidi."

Na hapa ndipo nilipopata habari ambayo iliniacha hoi. Mkewe aliniambia, tukiwa tunachambua maharage kwake, kwamba Prof anaogopa radi kuliko mtoto mchanga. Ngurumo ikianza anapanda kitandani, anakunja miguu, anajifunika shuka usoni na kutetemeka mpaka kitanda kinalia. "Njo sababu aliisoma," alisema mama yule. "Alipendaka kujua itakuya saa ngapi, apate kujificha mbele."

Mtu huyohuyo ndiye aliyeanza kuzunguka Fizi nzima juu ya pikipiki za kukodi, akikimbilia kule ambako kila mwenye akili alikuwa anakukimbia.

Niliwahi kufuatana naye mara moja. Wanakijiji walimpa kiti cha plastiki mbele ya kanisa la udongo, akakaa, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Mawingu yalitoka upande wa ziwa yakiwa yamejipanga. Upepo baridi ulipiga ghafla, migomba ikalala, kuku wakapotea. Watu waliingia ndani, mimi nilikuwa wa kwanza. Kupitia mlangoni nilimwona bado ameketi, maji yanamtiririka usoni, na radi ilipopasuka juu yetu hakutikisa hata kope. Ilipopita nilimkimbilia.

"Prof, hukuogopa?"

"Mutoto yangu, niliogopa mpaka masikio ikaziba."

"Sasa vile ulikaa kimya!"

"Nikitetemeka batasema roho yangu inanihukumu." Alijaribu kusimama, na miguu haikumkubalia. Ilibidi nimshike kwapani kama mgonjwa.

Nakiri kwamba mpango ule ulifanya kazi, na hilo nalo lilinishangaza. Hakuna tangazo lililowahi kuwatoa wavuvi majini upesi kama kumwona Prof akishuka kwenye pikipiki na shati lake la pasi. Akina mama waliita watoto. Vijana walivuta mitumbwi juu. "Prof amefika, njooni!" Msimu mzima ulipita, na sikusoma hata kifo kimoja cha radi wala cha ziwa. Nilianza kumtania kwamba ananinyima kazi.

Kisha akakosea, na kosa lake ndilo lililotuangamiza.

Alitaja kijiji kimoja kando ya ziwa. Sitakitaja mimi, wenyewe wamechoka kutajwa. Alikwenda, akaketi, na mvua haikuja. Ule mstari wa mawingu ulikatika juu ya Ubwari ukaenda zake kusini. Jambo la kawaida kwa kila mwenye kazi ile. Lakini wazee wa kijiji walimjia wakicheka, wakampa kuku jike mwenye miguu iliyofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Aksanti sana, Prof. Umeizuia."

"Sikuzuia kitu! Nilikosea. Mimi Prof nilikosea!"

Wakatazamana wakatikisa vichwa kwa furaha. Nani amewahi kumsikia mwalimu akisema amekosea? "Ona vile anajishusha," walisema, na wakamwongezea jogoo.

Alirudi Baraka na kuku wawili na uso uliokufa. Aliiona hatari ya jambo hilo kabla yangu. Tangu siku hiyo walianza kumwita harusini, kwenye ubatizo, kwenye kuezeka nyumba, akae tu ili mvua imwogope. Alikataa yote. Lakini kule kulikokuwa na hatari ya kweli alilazimika kwenda, kwa maana kanuni ya wazee ilikuwa palepale. Na alipofika, watu hawakuingia tena ndani. Waliendelea na kazi zao, wakampungia mkono.

Siku ya msiba alikuwa ameketi kwenye kiti, juu ya mchanga wa kijiji kilekile. Wavuvi walikuwa wanasukuma mitumbwi mchana, mapema, wapate nafasi nzuri ya kuvua dagaa usiku. Alisimama akawapigia kelele warudi. Mmoja wao, aliyekuwa mume wa dada yangu mkubwa, mtu wa mzaha hata kitandani kwake, alimjibu huku akipiga kasia: "Prof, weye ukae tu pale ku kiti! Ukikaa vizuri, siye tutakuletea ndagala!" Wenzake wakacheka.

Akakaa. Aliketi kwa sababu alidhani akiondoka kabisa watasema amewaachia radi. Mstari ulivuka ziwa ukiwa mweusi kutoka ncha hadi ncha, na uliwakuta mbali.

Majina yaliletwa kwangu yameandikwa kwa kalamu nyekundu. Niliyasoma kwa mpangilio, kwa sauti yangu ya kila siku. Nilipofika kwa shemeji yangu niliona mdomo wangu unaendelea, unataja ndugu na jamaa walioko Baraka, unataja jina la dada yangu, nami nikaushangaa mdomo ule kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nilikasirika. Nilimkasirikia Prof kwa hasira ya kweli, ingawa nilijua kuliko mtu yeyote kwamba hana kosa. Dada yangu yeye alikuwa upande mwingine kabisa. Alisema Prof alifanya aliloweza, na kwamba bila yeye pale wangekufa wote. Sikujua nilie au nicheke.

Prof aliacha redio. Mvua aliendelea kuitazama, akanipigia simu mimi niisome, bila jina lake. Aliniambia kitu kimoja tu kuhusu siku ile. "Banakufaka sababu ya vile naketi vizuri."

Mara ya mwisho niliyokuwa naye kwa muda mrefu ilikuwa msimu huu uliopita, bandarini Baraka, siku ya soko. Dada yangu alikuwa anahamia Kazimia kwa wakwe zake, yeye na wanawe watatu, godoro, sufuria na cherehani. Boti kubwa la mbao lilikuwa limejaa mpaka pembeni: wauza chumvi, akina mama na watoto mgongoni, mbuzi, magunia. Mchana ule Prof alikuwa amenipigia simu kwamba laini inakuja, tena ndefu, na nilikuwa nimeisoma. Nilimsihi dada asubiri. Alisema jua linawaka, sioni? Kweli jua lilikuwa linawaka.

Ndipo Prof akatokea, anatembea polepole kati ya vichanja vya samaki. Nilishukuru Mungu. Nilidhani watamsikiliza.

"Prof iko hapa!" mtu alipaza sauti botini. Boti zima likashangilia. "Washa injini, twende! Prof iko hapa, hakuna shida!" Mwendesha boti akavuta kamba ya injini.

"Mushuke!" Prof alisema. "Nawaomba. Mushuke bote."

"Aksanti, Baba!" akina mama walijibu. Na kijana mmoja wa kubeba mizigo, kwa heshima zote, akakimbia dukani akarudi na kiti cha plastiki, akakipanguza kwa kiganja, akakiweka mchangani kikitazama ziwa.

Prof alikitazama kiti. Nikamwona anamtazama dada yangu, halafu wale watoto, halafu Ubwari, ambako ukanda mwembamba wa kijivu ulikuwa umeanza kuinuka. Na hapo alifanya jambo ambalo hadi leo sijalisahau. Alijiachia. Sijui namna nyingine ya kulisema. Alianza kutetemeka, kwanza taya, kisha mikono, kisha mwili mzima. Akapiga yowe kali, la juu, la mtoto anayeungua. "Mama! Mama nakufa! Inakuya!" Suruali yake ililowa mbele, na hayakuwa maji ya ziwa. Akageuka akakimbia, shemasi, mwalimu wa nusu ya watu waliokuwa pale, akaanguka juu ya kichanja cha samaki, akainuka bila kiatu kimoja, akakimbia tena mpaka ghala la matofali, akajitupa ndani akilia.

Bandarini ilisikika injini tu.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliruka majini, maji yakamfika kiunoni, akaanza kuvuka kuja nchi kavu. Wa pili akafuata. Kisha boti likainama upande mmoja kwa jinsi watu walivyosukumana kushuka. Mwendesha boti alitukana, hakuna aliyemsikia. Dada yangu alinirushia mtoto mdogo, akabeba wa kati, akamvuta mkubwa kwa nguo. Tulijaa ghalani, tumebanana, mbuzi kati ya miguu yetu, tukasubiri.

Upepo wa baridi ulikuja, ukapiga mabati mara moja, mara mbili. Ngurumo ililia mbali, juu ya Ubwari. Matone machache mazito yalianguka mchangani. Kisha kimya. Tukachungulia. Mawingu yalikuwa yanachanika, na jua likatoka, likawaka juu ya ziwa lililotulia na boti tupu lililofungwa kamba.

Walitoka ghalani wakiwa na hasira ambayo sijaiona sokoni wala kwenye uchaguzi. Chumvi ilikuwa imelowa. Gunia la mtu lilikuwa limeanguka majini. Cherehani ya dada yangu, waliposhuka kwa msukosuko, ilikuwa imezama. Walimzunguka Prof aliyekuwa ameketi kwenye kizingiti cha ghala na ile suruali yake, mguu mmoja bila kiatu. Mwongo! Mwoga! Mzee muzima anajikojolea! Wanawake walimwonyesha vidole, watoto wakaiga lile yowe lake, na mtu akatema mate karibu na mguu wake.

Nilipenya nikachuchumaa mbele yake nimkinge. "Prof, simama twende nyumbani. Usiwasikilize hawa."

Hakusimama. Uso wake ulikuwa na machozi na kamasi, na alikuwa anatabasamu, nami nikaogopa kwamba akili imemtoka. Alinishika mkono.

"Bananitukana," alisema. "Bote. Hakuna mutu anasema niliizuia. Nyamaza kidogo, mutoto yangu, usikie vile beko bengi."

Nikasikiliza. Sauti ya dada yangu ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.